Kunakili, Kurudufu, Kufuatisha: Uchunguzi wa Istilahi za Uchoraji wa Pikseli

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mezani petu ili zitazamwe lugha yake, yameanza kuingia maelekezo ya kutumia programu za kompyuta za kuhariri picha. Maelekezo hayo huandikwa na walimu wa vyuo vya ufundi, na wafasiri, na hata vijana waliojifundisha wenyewe kazi ya kuchora picha za michezo ya kompyuta. Katika makala hii tunakusudia kuchunguza kijitabu kimoja cha namna hiyo. Mtungaji wake hatutamtaja, kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake. Yamo katika karibu kila andiko la aina hii tulilopata kulisoma.

Kijitabu hicho kinafundisha jinsi ya kuchukua picha ya kawaida, mathalani picha ya paka iliyopigwa kwa kamera, kuiweka chini ya mchoro, na kuifuata kwa mkono mpaka upatikane mchoro wa pikseli. Mchoro wa pikseli ni ule ambao vipande vyake vidogo kabisa huonekana kwa macho, na kila kimoja kimewekwa mahali pake na mchoraji kwa kusudi, kama shanga katika mkufu au mishono katika kitambaa cha kutarizi.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba jambo hili ni dogo mno kupewa nafasi katika jarida la istilahi. Sisi hatuoni hivyo. Katika ufundi wa namna hii neno ni amri: mwanafunzi husoma, halafu hutenda papo hapo, na matokeo huonekana kwenye skrini kabla hajageuza ukurasa. Istilahi mbaya katika kitabu cha falsafa yaweza kukaa miaka mingi bila kumdhuru mtu; istilahi mbaya katika maelekezo ya ufundi huharibu kazi siku ileile. Kwa hiyo hatutauliza hapa kama neno linapendeza masikioni, wala kama asili yake ni Kibantu, Kiarabu au Kiingereza. Tutauliza swali moja: mwanafunzi akilitii neno hili, je, mkono wake utafanya lililokusudiwa?

Kazi yenyewe

Hapana budi kwanza tuieleze kazi, maana mwenye kuunda istilahi bila ya kukijua kitu huunda jina la kitu kingine.

Mchoraji hufungua picha yake katika programu kama Photoshop, GIMP au Aseprite. Huipunguza ukubwa mpaka ienee katika turubai dogo, labda lenye pikseli 48 kwa upana na 32 kwa urefu. Huifanya ififie ili isimshinde macho. Kisha hufungua tabaka jipya juu yake, na katika tabaka hilo huchora kwa penseli yenye unene wa pikseli moja, akifuata mzingo wa mgongo, masikio, mkia na miguu. Akimaliza mistari ya nje, huificha picha ya chini au huifuta kabisa, huchagua rangi chache, huzijaza, halafu huweka vivuli.

Mtu asiyeifanya kazi hii hudhani kwamba mchoraji anahamisha tu kilichomo chini kukipeleka juu. Hesabu ndogo itaonyesha kwamba sivyo. Picha ya kamera yenye pikseli 3,000 kwa 2,000 ina jumla ya pikseli 6,000,000. Turubai la pikseli 48 kwa 32 lina pikseli 1,536 tu. Kila pikseli ya mchoro, basi, inasimama mahali pa pikseli 3,900 hivi za picha ya asili. Sharubu za paka hazimo tena. Zimezama katika rangi ya ukuta ulio nyuma yake. Jicho limebaki doa lisilo na umbo. Programu imechukua wastani wa rangi, na wastani haujui kwamba jicho ni jicho. Mchoraji ndiye anayeamua kwamba jicho litapewa pikseli mbili, moja nyeusi na moja nyeupe, na kwamba sharubu zitaachwa.

Hali ni hiyohiyo kwa mstari. Mzingo wa mgongo wa paka hauwezi kukaa katika viraba vya pikseli ila kwa kugeuzwa kuwa ngazi. Mchoraji akifuata picha bila kufikiri, ngazi zake zitakuwa na urefu wa pikseli 4, halafu 2, halafu 3, halafu 1, halafu 2, na mgongo utaonekana kama umevunjikavunjika. Fundi hurekebisha: 4, kisha 3, kisha 2, kisha 1, kisha 1, na jicho la mtazamaji hupokea mzingo laini. Mzingo huo haumo katika picha ya chini. Umetokana na uamuzi wa fundi. Wanaotarizi maua kwa kuhesabu nyuzi wanalifahamu jambo hili tangu zamani, maana petali la mviringo haliingii katika kitambaa cha viraba ila kwa kukatwa ngazi ngazi.

Mfano mashuhuri wa uamuzi wa aina hii ni mchezo wa Donkey Kong wa mwaka 1981. Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo alimpa shujaa wake masharubu kwa sababu mdomo haukuweza kuonekana vizuri katika pikseli chache alizokuwa nazo, akamvika na kofia ili asihangaike na nywele. Uchache wa pikseli ulimlazimisha kuchagua, na uchaguzi wake ukawa sura inayojulikana duniani kote.

Kunakili, kurudufu, kufuatisha

Sasa tukitazame kijitabu chetu. Katika ukurasa wake wa kwanza kinasema, ‘Nakili picha ya paka.’ Katika ukurasa wa pili kinasema, ‘Nakili tabaka ili usipoteze lile la asili.’ Katika ukurasa wa tatu kinasema, ‘Sasa nakili mistari ya nje kwa uangalifu.’ Neno ni moja, na matendo ni matatu tofauti. La kwanza ni kuchukua faili kutoka mahali fulani na kuliweka mahali pengine. La pili ni kuamuru mashine itoe tabaka la pili lililo sawasawa na la kwanza. La tatu ni kazi ya mkono na macho tuliyoieleza hapo juu. Mwanafunzi aliyekwisha kuelewa kwamba kunakili ni kubofya amri ya programu, akifika ukurasa wa tatu ataitafuta amri hiyo tena, ataibofya, atapata paka wa pili aliye sawa na wa kwanza, na atadhani kazi imekwisha.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Makarani wa ofisi zetu walikuwa na mashine za kurudufu miaka mingi kabla ya kompyuta kufika, na kila mmoja alijua tofauti kati ya karani aliyenakili barua kwa mkono na mashine iliyorudufu nakala mia moja kutoka stensili moja. Neno kurudufu lina maana ya kufanya kitu kiwe viwili au zaidi bila ya kukibadilisha. Twaona linafaa kabisa kwa amri ya programu inayotoa tabaka la pili: ‘Rudufu tabaka.’

Kwa tendo la tatu neno lipo, nalo linatumika katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Mtoto anayejifunza kuandika hupewa herufi zilizochorwa kwa nukta, na mwalimu humwambia azifuatishe. Hakuna mwalimu anayemwambia azinakili, maana kunakili kunakuja baadaye, mtoto anapotazama ubao na kuandika katika daftari lake. Katika kufuatisha, mkono unapita juu ya kitu chenyewe. Katika kunakili, kitu kiko pale na mkono uko hapa. Tofauti hii ndiyo hasa anayoihitaji mwalimu wa uchoraji wa pikseli. Umbo la kitenzi nalo lasaidia: kutokana na fuata tunapata fuatisha, ambapo mtendaji anaufanya mkono wake uandame njia iliyokwisha kuwekwa. Kuandama njia hakuondoi hiari ya anayeandama. Aweza kukata kona na aweza kuruka shimo.

Wako wanaopendelea kutohoa neno la kigeni na kusema kutresi. Hatulikatazi neno hilo katika mazungumzo ya karakana, lakini hatuoni sababu ya kuliingiza katika orodha sanifu wakati neno kufuatisha linafahamika na mtoto wa darasa la kwanza.

Ushahidi wa historia

Ili isionekane kwamba tunapasua unywele, tutoe mfano wa kazi halisi.

Kufuatisha picha kwa ajili ya kuunda sanamu zinazotembea si jambo la jana. Max Fleischer, mchoraji wa Marekani, aliomba hataza mwaka 1915 na kuipata mwaka 1917 kwa kifaa kilichotupa picha za filamu, moja baada ya moja, juu ya kioo, ili mchoraji afuatishe kila picha kwenye karatasi. Aliyepigwa filamu alikuwa ndugu yake, Dave, akiwa amevaa nguo za mchekeshaji.

Miaka sabini hivi baadaye, Jordan Mechner, kijana wa Marekani aliyekuwa akiunda michezo ya kompyuta, alifanya jambo linalofanana na hilo. Mwaka 1985 alimpiga picha za video mdogo wake, David, aliyevaa nguo nyeupe, akikimbia na kuruka katika uwanja wa kuegeshea magari. Kisha aliusimamisha mkanda kipande kwa kipande, akaipiga picha skrini ya televisheni kwa kamera ya kawaida ya filamu, akasafisha picha hizo, akazipaka wino mweusi na wino mweupe wa kufutia makosa mpaka likabaki umbo tupu la mtu. Maumbo hayo ndiyo yaliyoingizwa katika kompyuta ya Apple II, ambayo skrini yake ilikuwa na pikseli 280 kwa 192 tu, na huko yakarekebishwa pikseli kwa pikseli. Mchezo ulitoka mwaka 1989 kwa jina la Prince of Persia, na mwendo wa shujaa wake uliwastaajabisha watu kwa jinsi ulivyofanana na mwendo wa binadamu.

Mfasiri atakayeandika kwamba Mechner ‘alinakili’ picha za mdogo wake atakuwa amempotosha msomaji. Hakuna nakala iliyotoka. Uso wa David haumo katika mchezo, wala nguo zake, wala uwanja wa magari. Kilichobaki ni mwendo, na mwendo huo ulipatikana kwa kuchagua nini kitupwe. Neno kufuatisha linaruhusu kuelezwa kwa kazi yote hiyo. Neno kunakili linaifuta.

Picha rejea na picha ya kufuatishia

Kijitabu kinaiita picha ya paka ‘mfano’ mara tatu, ‘kielelezo’ mara mbili na ‘kiolezo’ mara moja. Kuyumba huku hakufai. Kielelezo ni picha inayofafanua maandishi. Kiolezo kimekwisha kuzoeleka katika programu za kompyuta kwa maana ya umbo tupu linalosubiri kujazwa, kama vile barua ya ofisi yenye nafasi za jina na tarehe. Si vizuri kulitwika mzigo wa pili. Mfano ni neno pana mno.

Kuna jambo lingine ambalo kijitabu hakikuliona, labda kwa sababu lugha kilikofasiriwa hailionyeshi. Mchoraji aweza kuitumia picha kwa njia mbili. Aweza kuiweka kando na kuitupia jicho kila mara ili akumbuke paka anavyokunja mguu. Au aweza kuiweka chini ya tabaka lake na kupita juu yake. Kiingereza aghalabu hutumia jina moja kwa picha zote mbili. Kiswahili, kwa fadhila ya mnyambuliko wa vitenzi vyake, chaweza kuzitenga bila taabu: ya kwanza tunapendekeza iitwe picha rejea, na ya pili picha ya kufuatishia, kama tusemavyo kisu cha kukatia na maji ya kunawia.

Tulifikiria pia kusema picha ya kuangalizia kwa ile ya kwanza. Tumeliacha neno hilo, kwa kuwa kila mwalimu wa Tanzania analijua kwa maana ya mtahiniwa anayechungulia karatasi ya jirani, na hatutaki mwanafunzi wa uchoraji aanze kazi yake akiwa na hatia.

Pikseli

Kuhusu neno pikseli maoni yetu ni mafupi kuliko wengi watakavyotarajia. Wasomaji watakumbuka ubishi wa kompyuta na tarakilishi, na jinsi maneno yote mawili yanavyoendelea kuishi. Kijitabu kinasema ‘nukta’ mahali pengine na ‘kiraba’ mahali pengine. Yote mawili yana kasoro.

Picha ya kwanza kuingizwa katika kompyuta kwa kuchanganuliwa ilitengenezwa mwaka 1957 na Russell Kirsch na wenzake katika ofisi ya taifa ya vipimo ya Marekani. Ilikuwa picha ya mtoto wake mchanga, nayo ilikuwa na pikseli 176 kwa 176. Neno lenyewe lilionekana katika maandishi mwaka 1965, katika makala za Fred Billingsley wa maabara ya Jet Propulsion Laboratory huko California. Nalo ni mkato wa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya picha na sehemu yake ya msingi. Wajerumani wana neno lao, Bildpunkt, yaani nukta ya picha. Mwaka 1995 Alvy Ray Smith, mtaalamu wa picha za kompyuta, aliandika waraka wa kuonya kwamba pikseli si kiraba hata kidogo, bali ni thamani ya rangi iliyopimwa mahali pamoja. Na mwaka 2010 Kirsch mwenyewe, akiwa mzee, alirejea kuujutia umbo la mraba alioliwekea picha yake ya kwanza.

Basi kwa mhandisi, kiraba ni uongo. Kwa mchoraji wa pikseli, nukta ni uongo, maana anachokiona akisogeza skrini karibu ni viraba vilivyobanana bila nafasi kati yake. Neno lolote la kienyeji litakaloeleza umbo litawakosea wateja wetu mmoja au mwingine. Neno pikseli halielezi umbo lolote, na hiyo ndiyo sababu ya kulikubali. Tunashauri litumike katika ngeli ya I-/ZI-: pikseli hii, pikseli hizi. Umbo ‘mapikseli’ halina haja.

Kijitabu kinatumia ‘sanaa ya pikseli’ kwa ufundi na pia kwa kazi moja moja, hata tukasoma kwamba mwanafunzi ‘ahifadhi sanaa ya pikseli yake.’ Kiingereza kinavumilia jambo hilo, na Adele Goldberg na Robert Flegal wa Xerox, walipoandika juu ya jina hilo mwaka 1982, walilitumia kwa upana. Kiswahili hakilazimiki kufuata. Sanaa ya pikseli iwe jina la fani. Mchoro wa pikseli uwe jina la kazi iliyokamilika. Na uchoraji wa pikseli uwe jina la tendo.

Maneno yanayopotosha mkono

Yako maneno matatu ambayo madhara yake ni makubwa kuliko yote tuliyokwisha kuyataja, kwa sababu mwanafunzi anayeyatii huharibu kazi bila kujua kosa lilikoingilia.

La kwanza ni kalamu. Kijitabu kinasema, ‘Chagua kalamu yenye unene wa pikseli moja.’ Photoshop, kwa mfano, ina vifaa vitatu ambavyo mfasiri mwenye haraka angeweza kuviita kalamu. Kuna penseli, ambayo huacha pikseli zenye kingo kavu. Kuna brashi, ambayo hulainisha kingo kwa kuchanganya rangi za jirani. Na kuna kalamu hasa, ambayo haiachi pikseli yoyote, bali huweka vituo na kuviunganisha kwa mzingo wa hesabu. Mchoraji wa pikseli anahitaji penseli. Akichukua brashi, mstari wake utazungukwa na ukungu wa rangi asizozichagua. Akichukua kalamu, atapata njia isiyo na rangi na atashangaa. Hapa istilahi sahihi ni ile inayosemwa na kila mtoto dukani: penseli.

La pili ni kukuza. ‘Kuza picha mara nane ili uone vizuri,’ kinasema kijitabu. Kilichokusudiwa ni kusogeza macho karibu, picha yenyewe ikibaki kama ilivyo. Lakini programu hizi zina amri nyingine inayobadili ukubwa wa picha yenyewe, na mwanafunzi aliyeambiwa ‘kuza picha’ hana kosa akiitumia. Turubai la pikseli 32 kwa 32 lina pikseli 1,024. Likikuzwa mara nane kila upande linakuwa la 256 kwa 256, lenye pikseli 65,536. Mwanafunzi sasa anachora kwa penseli ya pikseli moja juu ya turubai kubwa mara sitini na nne, na hataelewa kwa nini mistari yake ni myembamba kama uzi wa buibui. Tunapendekeza kuza mwonekano kwa tendo la kutazama kwa karibu, na badili ukubwa wa picha kwa tendo la kuongeza au kupunguza pikseli. Maneno yamerefuka kidogo, lakini hayatamdanganya mtu.

La tatu, na baya kuliko yote, ni uwazi. Programu za kuhariri picha zina kipimo cha asilimia kinachoonyesha tabaka linaziba kiasi gani cha vilivyo chini yake. Kwenye asilimia 100 tabaka linaziba kabisa. Kwenye 0 halionekani. Kijitabu kinakiita kipimo hiki ‘uwazi’, kisha kinaagiza: ‘Punguza uwazi wa picha hadi asilimia 30.’ Tuyasome maneno hayo kama Kiswahili. Kitu chenye uwazi wa asilimia 30 kinaziba kwa asilimia 70. Mwalimu alitaka picha ififie. Mwanafunzi mwenye akili timamu, akielewa lugha yake vizuri, ataiacha ikiwa nzito kiasi cha kuimeza mistari yake. Atakayefaulu ni yule ambaye hakuyafikiri maneno, bali aliinakili tarakimu tu. Lugha ya kufundishia inayomfaidi asiyeifikiri haina haki ya kuitwa sanifu. Tena jambo linazidi kuchafuka kwa kuwa ziko programu nyingine, kama PowerPoint, ambazo kweli hupima uwazi, na asilimia zake huenda kinyume na zile za programu za kuhariri picha.

Wengine wamependekeza ‘ukolevu’ badala yake. Ni neno zuri, ila tunalihitaji kwa rangi: rangi iliyokolea na rangi iliyopauka. Tunaona uzibaji linafaa zaidi. ‘Punguza uzibaji hadi asilimia 30’: hata asiyewahi kuiona programu hiyo atajua kwamba picha itaziba kidogo na mengi yataonekana.

Isidhaniwe kwamba kijitabu hakina mema. Neno turubai kwa uwanja wa kuchorea ni chaguo zuri, na tabaka tunalikubali bila masharti. Anayeogopa kwamba litachanganywa na matabaka ya jamii hawatendei haki wasomaji wetu. Ngazi, kwa vidato vinavyoonekana pembezoni mwa mstari uliolala upande, ni neno tulilolipata katika kijitabu hichohicho, na tunamshukuru mtungaji kwa kutupatia.

Neno na haki

Limebaki jambo linalowahusu watumishi wa serikali na walimu zaidi kuliko wachoraji. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, na ile ya Kenya ya mwaka 2001, zinampa mwenye kazi ya sanaa haki ya kuamua nani atoe nakala za kazi yake na nani aigeuze kuwa kazi nyingine. Mwalimu anayeandika ‘nakili picha yoyote uipendayo’ ametoa amri ambayo, ikisomwa na mwanasheria, ni amri ya kuvunja sheria. Kwa upande mwingine, tukisema tu ‘fuatisha picha yoyote’, tusije tukamfanya mwanafunzi aamini kwamba kwa kubadili kitenzi ameponyoka. Mchoro uliofuatishwa juu ya picha ya mtu mwingine waweza kuhesabiwa kuwa ni mgeuzo wa picha ile.

Kazi ya Mechner inaonyesha pande zote mbili. Kwa mbio na miruko alitumia picha za ndugu yake alizozipiga mwenyewe. Kwa mapigano ya panga alitazama pambano la mwisho katika filamu ya mwaka 1938 ya The Adventures of Robin Hood. Kufuatisha ni tendo lilelile mara zote mbili. Mwenye picha ni tofauti. Swali la haki, kwa hiyo, halijibiwi na kitenzi, bali na asili ya picha ya kufuatishia, na ndiyo maana tumesisitiza kwamba picha hiyo iwe na jina lake katika maelekezo. Palipo na jina mwalimu aweza kuandika sharti: ‘Picha ya kufuatishia iwe uliyoipiga mwenyewe, au ambayo mwenyewe amekuruhusu.’

Twajua kwamba wapo wachoraji wanaodharau kufuatisha na kusema kwamba si kuchora. Huo ni ubishi wa wasanii, na waachiwe wao. Istilahi haina budi kutaja tendo bila kulihukumu. Neno kunakili limekwisha kubeba harufu ya wizi wa mitihani na wa kazi za watu. Likitumiwa hapa, mwanafunzi atafundishwa ufundi na kushtakiwa kwa wakati mmoja.

Mapendekezo

Baada ya uchunguzi huu tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe:

Fuatisha: pitisha mkono juu ya picha iliyo chini na kuchora mistari yake katika tabaka la juu, kwa kuchagua cha kuweka na cha kuacha.

Kuza mwonekano: tazama turubai kwa karibu bila kubadili idadi ya pikseli zake.

Mchoro wa pikseli: kazi iliyochorwa kwa kuweka pikseli moja moja kwa kusudi.

Ngazi: vidato vya pikseli katika mstari wa mshazari au wa mzingo.

Penseli: kifaa cha programu kinachoacha pikseli zenye kingo kavu.

Picha rejea: picha inayowekwa kando na kutazamwa wakati wa kuchora.

Picha ya kufuatishia: picha inayowekwa chini ya tabaka la kuchorea ili ifuatishwe.

Pikseli: kipande kidogo kabisa cha picha ya kompyuta, chenye rangi moja.

Rudufu: amuru programu itoe tabaka au faili la pili lililo sawa na la kwanza.

Uzibaji: kiasi ambacho tabaka linazuia vilivyo chini yake visionekane, kwa asilimia.

Tunawaomba walimu wanaofundisha ufundi huu wayajaribu maneno haya darasani kabla ya kutuandikia, na watueleze si kama wanafunzi waliyapenda, bali kama waliyatenda sawasawa. Wafasiri nao tunawaomba wasifasiri jina la kifaa chochote kabla ya kukifungua na kukitumia angalau mara moja. Neno lolote litakaloonekana kumpoteza mwanafunzi litarudishwa mezani na kutafutiwa jingine.